Sura ya Sita: Shali Juu ya Fremu

Shali ya lesi ikitoka kwenye sindano haitamaniki. Imejikunja, imejikusanya, nakshi zote zimejificha, na asiyejua atadhani ni kitambaa kilichochomolewa kinywani mwa mbuzi. Mfumaji ameshinda miezi akihesabu vitanzi, macho yamemuuma, shingo imekakamaa, na alichonacho mkononi hata jirani mwema anashindwa kukisifia. Kazi bado. Shali itaoshwa, itawambwa ikiwa mbichi, itaachwa ikauke huku imekazwa kila upande, na hapo ndipo matundu yatafunguka na nakshi kusomeka. Vitabu vingi vya ufumaji huipa hatua hii ukurasa mmoja wa mwisho, baada ya kurasa mia za sindano na nyuzi. Nadhani vimepindua mambo. Kwenye lesi, sindano huandaa tu. Fremu ndiyo inayotoa shali.

Mahali pazuri pa kulionea jambo hili ni Unst, kisiwa cha mwisho kabisa cha Uingereza upande wa kaskazini ambacho bado kina wakazi. Kimo juu ya nyuzi 60 za latitudo, katika visiwa vya Shetland, vilivyo takriban kilomita 170 kutoka bara la Uskoti. Mwezi wa Juni usiku wake haukolei giza. Mwezi wa Desemba mchana haufiki saa sita. Miti ni haba na upepo hauishi. Zamani wanaume walikuwa baharini wakivua, wanawake walikuwa shambani, na kazi ya kufuma ilipenyezwa katika kila dakika iliyobaki. Mwanamke alibeba mgongoni kapu la udongo mkavu wa mabwawa, ambao ndio kuni za nchi isiyo na miti, na njia nzima mikono ilikuwa ikifuma. Aliweza hayo kwa sababu ya mkanda wa ngozi kiunoni, wenye kifuko kilichojazwa nywele za farasi na kutobolewatobolewa. Ncha moja ya sindano ya kulia ilichomekwa kwenye tundu mojawapo ikakaa imara, na vidole vikabaki na kazi moja tu ya kusukuma uzi.

Usidhani ilikuwa burudani. Julai 1881 dhoruba iliwakuta wavuvi wa Gloup, katika kisiwa jirani cha Yell, wakiwa mbali na nchi kavu katika mashua za wazi. Mashua kumi hazikurudi, na wanaume 58 walikufa. Katika nyumba kama hizo, sindano zilibeba sehemu kubwa ya riziki ya wajane na watoto.

Kondoo wa Shetland ni mdogo wa umbo, na sufu yake ni laini kuliko unavyotarajia kwa mnyama anayelala kwenye baridi na chumvi. Sufu ya lesi hutoka hasa shingoni na mabegani. Zamani kondoo hao hawakunyolewa kwa mkasi. Ukifika msimu wa kiangazi sufu hulegea yenyewe, na watu waliichopoa kwa mkono, wakiitenga nyembamba na nene papo hapo kwa kuipapasa. Kisha ikachanwa, ikasokotwa kwa gurudumu mpaka uzi ukawa mwembamba kuliko ule tunaoshonea vifungo. Shali kubwa ya uzi huo, mraba wenye karibu mita mbili kila upande, inaweza kuwa na uzito usiofika gramu 100. Ukiibeba kwenye kiganja huhisi kitu, isipokuwa joto.

Sasa tuangalie lesi inavyofumwa, maana bila kuelewa tundu linatoka wapi huwezi kuelewa fremu inafanya nini. Ufumaji wa kawaida, kama wa sweta, ni vitanzi vilivyoshikana: unaingiza sindano kwenye kitanzi, unazungusha uzi, unavuta kitanzi kipya. Lesi inaongeza mambo mawili. La kwanza ni kuzungusha uzi kwenye sindano bila kuingiza sindano popote. Kitanzi kinazaliwa hewani, na chini yake kunabaki tundu. La pili ni kufuma vitanzi viwili kwa pamoja viwe kimoja, ili kufidia kile kilichozaliwa hewani, la sivyo kitambaa kitapanuka bila kikomo. Nakshi zote za Shetland, za mawimbi, za nyayo za paka, za utando wa buibui, za macho ya ndege, ni mpangilio wa mambo hayo mawili tu: tundu liwekwe wapi, na fidia yake iwekwe wapi.

Chukua nakshi iitwayo Old Shale, ambayo wengi hujifunzia. Inakwenda kwa vitanzi 18 vinavyojirudia, na kati ya mistari minne, mstari mmoja tu ndio wenye kazi. Katika mstari huo unafuma viwili pamoja mara tatu. Halafu unazungusha uzi hewani na kufuma kitanzi kimoja, mara sita. Halafu viwili pamoja tena, mara tatu. Piga hesabu: umepoteza vitatu, umepata sita, umepoteza vitatu, umerudi kwenye 18. Lakini fidia zimerundikwa pembeni na matundu yamerundikwa katikati, kwa hiyo pembeni kitambaa kinabanwa na katikati kinasukumwa. Mistari inaacha kuwa minyoofu, inapinda yenyewe kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Mfumaji hakuchora wimbi lolote. Alihesabu mpaka tatu, mpaka sita, mpaka tatu.

Ukimaliza mistari hiyo minne, hebu tazama sindanoni. Huoni wimbi. Unaona mikunjo. Kila tundu limefumba, kwa sababu sufu ina mnyumbuko na hujivuta kurudi katikati mara tu uzi ukilegezwa. Anayejifunza hudhani amekosea, anafumua, anaanza upya, anapata mikunjo ileile. Mwalimu mwenye huruma humwambia anyooshe kipande kwa vidole vya mikono miwili mbele ya dirisha, na hapo nakshi inajitokeza kwa nukta chache kabla hajaachia. Huko ndiko kuwamba kwenyewe, kwa udogo.

Wafumaji wa Unst walijua mwisho wa safari tangu kitanzi cha kwanza. Angalia namna walivyoijenga shali. Wengi wetu tungeanza katikati tukatoka nje, au tungeanza chini tukapanda juu. Wao walianza na pindo, ule ukingo mwembamba wenye meno. Walifuma utepe mrefu wa meno hayo, wakaokota vitanzi kwenye upande wake ulionyooka, wakafuma pande nne za mpaka zikielekea ndani huku zikipungua, kisha wakafuma uwanja wa katikati ukiunganishwa na mipaka njiani, na wakamalizia kwa kuunganisha vitanzi vya mwisho kwa sindano ya kushonea, kitanzi kwa kitanzi, bila mshono kuonekana. Kwa nini shida yote hiyo? Kwa sababu mwisho wa kazi ya kufuma, ukifunga vitanzi kwa njia ya kawaida, unapata ukingo mgumu usiovutika. Ukingo wa namna hiyo ukiwambwa hugoma: katikati kunafunguka vizuri, pembeni kunabana, na shali inakuwa na umbo la bakuli. Pindo likifumwa kwanza, kingo zote zinavutika sawa na kitambaa kilichobaki, na kila jino lina ncha ya kushikia uzi. Shali nzima ilisanifiwa kwa ajili ya fremu.

Hapa kuna swali ambalo msomaji aliyezoea vitambaa vya makochi atakuwa analo tayari. Mama zetu wanafuma kwa kulabu vitambaa vya meza na vya migongo ya makochi, wanavifua, wanavitia wanga, wanavinyoosha juu ya taulo na kuvibana kwa pini, vinakauka vikiwa vigumu kama karatasi. Je, si jambo lilelile? Kwa macho, ndiyo. Ndani ya uzi, hapana. Kitambaa cha kochi ni pamba, na pamba ikishanyooka haina kumbukumbu. Bila wanga kitalegea siku hiyohiyo. Wanga ndio mifupa yake. Sufu haihitaji wanga, na ukiitia utaiua, maana uzuri wote wa shali ni ule mwanguko wake begani.

Sufu ni protini, keratini, ileile ya nywele na kucha zetu. Ndani ya kila unywele kuna minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana kwa vifungo vingi, na baadhi ya vifungo hivyo ni dhaifu: maji yakiingia vinaachia. Sufu hunywa maji kwelikweli. Inaweza kubeba karibu theluthi ya uzito wake kama unyevu na bado ukiigusa usiseme imelowa. Ikiwa imelowa chapachapa, unaweza kuivuta ikakubali umbo jipya. Ikikauka katika umbo hilo, vifungo vinashikana upya mahali vilipo sasa. Ni jambo hilohilo linalofanya nywele zilizofungwa mabutu zikiwa na maji zikauke zikiwa zimejikunja. Na kama ilivyo kwa nywele, unyevu ukirudi, umbo linaanza kusahaulika. Aliye Mombasa au Tanga aelewe kwamba shali yake italegea mapema kuliko ya aliye Njombe au Limuru, hata kama hajaifua, kwa sababu hewa ya pwani imejaa maji.

Nyuzi za akriliki, ambazo ndizo nyingi zaidi madukani kwetu kwa kuwa ni rahisi, hazina habari na maji. Ukiziwamba mbichi zitakauka na kurudi zilivyokuwa. Akriliki husikia joto tu: mvuke wa pasi, pasi yenyewe isiguse kitambaa. Joto likizidi kidogo nyuzi zinalainika, zinapoteza mnyumbuko wote, na hakuna kurudi nyuma. Kwa lesi, baadhi ya watu hufanya hivyo kwa makusudi. Mimi ningesema jaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Turudi Unst. Shali ikishatoka sindanoni ilioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, bila kusuguliwa. Unywele wa sufu una magamba madogo kwa nje. Joto likiungana na msuguano, magamba hunasana, kitambaa kinasinyaa na kuwa kigumu, na kazi ya majira yote ya baridi inaishia hapo. Shali nyeupe zilipaushwa kwa moshi wa salfa: zilitundikwa zikiwa mbichi ndani ya pipa au sanduku, salfa ikachomwa chini yake, pipa likafunikwa. Moshi ule ni mkali kwa mapafu, na waliokuwa wakilifunua pipa walikuwa wanawake haohao waliofuma.

Kisha ikaja fremu. Ni mbao nne zilizotobolewa matundu, zinazounganishwa kwa vigingi ili mraba uweze kupanuliwa au kupunguzwa kufuata ukubwa wa shali, na kando ya kila mbao kuna msururu wa vigingi vidogo. Uzi imara wa pamba ulipitishwa kwenye ncha ya kila jino la pindo, mzunguko mzima. Hapo shali ikafungwa kwenye pembe nne kwanza, halafu uzi ukakazwa kwenye kigingi baada ya kigingi, upande huu kidogo, upande wa pili kidogo, kamwe si upande mmoja mpaka mwisho. Anayekaza upande mmoja kwanza atakuta katikati ya shali imehama. Fremu ikaegemezwa ukutani nje, kwenye upepo usioisha, na shali ikakauka imesimama. Wengine waliitandaza majanini na kuibana kwa vijiti. Kuna picha za kale za vijumba vya mawe vya Shetland zenye shali hizo nyeupe zimeegemezwa nje, nakshi zikisomeka hata kwenye picha isiyo na rangi.

Juu ya fremu hakuna kinachofichika. Kitanzi kimoja kilichoponyoka mwezi uliopita, ambacho mikunjo ilikificha, kinafunguka kuwa ngazi ya kwenda chini. Penye uzi uliosokotwa mwembamba kupita kiasi, unakatika. Mahali mfumaji alipofuma kwa hasira au kwa usingizi, mistari inabana kuliko jirani zake. Ndiyo maana wafumaji wa siku hizi hupitisha uzi wa akiba wenye rangi nyingine katikati ya vitanzi vya mstari mzima kila wanapomaliza nakshi moja. Kosa likitokea mbele, wanafumua mpaka hapo na si zaidi.

Hadithi inayopendwa zaidi kuhusu mashali haya ni ya pete. Shali nzuri, wanasema, hupenya katika pete ya ndoa. Ni kweli hupenya, nyembamba zake, na wauzaji walilitumia jambo hilo kwa ustadi mkubwa. Lakini pete inapima unene wa uzi peke yake. Haisemi kama hesabu za nakshi zimekaa, kama mipaka minne inalingana, kama pembe zinakutana. Shali mbovu ya uzi mwembamba itapita kwenye pete bila shida yoyote. Ikipanda kwenye fremu itaumbuka.

Na aliyekuwa na fremu alikuwa na bei. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Arthur Anderson, mzaliwa wa mji wa Lerwick huko Shetland na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya meli ya P&O, alimpelekea Malkia Victoria zawadi ya soksi laini za Shetland, na mabibi wa London wakaanza kuzitaka bidhaa za visiwa hivyo. Mwaka 1851 mashali yakaonyeshwa katika Maonyesho Makuu, chini ya paa la vioo la Crystal Palace. Mahitaji yakapanda. Wanawake waliofuma hawakuona fedha hizo. Walipeleka shali dukani Lerwick, na mwenye duka akawalipa kwa majani ya chai na vitambaa vya dukani humohumo, kwa bei aliyoipanga yeye. Asiyetaka bidhaa siku hiyo aliandikiwa kikaratasi cha kuja kuchukulia baadaye. Kwa kuwa kodi na unga havikulipwa kwa majani ya chai, baadhi ya wanawake walikiuza kikaratasi kwa hasara wapate sarafu mkononi.

Mwaka 1872 serikali ilimtuma kamishna, William Guthrie, asikilize malalamiko, na maelezo ya mashahidi yaliyochapishwa ni kurasa nyingi za wanawake wakitaja, mmoja baada ya mwingine, shali aliyofuma na alichopewa. Ndani ya maelezo hayo kazi ya fremu inaonekana waziwazi kama kazi ya peke yake: wapo waliofuma, na wapo waliofua, kupausha na kuwamba. Aliyeleta shali isiyowambwa alileta kitu kilichokunjamana mbele ya mnunuzi mzoefu, na hakuwa na namna ya kumwonyesha kilichomo. Jambo hilo linawahusu wafumaji wetu wanaouza kwa oda. Ukiipeleka shali ikiwa haijawambwa, umemwachia mnunuzi akupangie bei kwa kitu ambacho hajakiona. Sheria ya mwaka 1887 ilipanua marufuku ya malipo ya bidhaa, lakini mtindo huo uliendelea Shetland kwa miaka mingi baadaye.

Nyumbani huhitaji fremu. Godoro linatosha, au mkeka mnene wenye shuka juu yake, na pini zisizoshika kutu. Hili la kutu usilipuuze, maana doa la pini kwenye sufu nyeupe halitoki. Loweka shali kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, iingie maji mpaka ndani ya uzi. Usiikamue kwa kuisokota. Ikusanye kwa mikono miwili, usiiache ining'inie, maana uzito wa maji utaivuta vibaya; iviringishe ndani ya taulo, kanyaga taulo. Sasa itandaze, bana katikati ya kila upande, kisha pembe, kisha jino moja baada ya jingine, ukipima kwa futikamba kutoka katikati. Itakua mbele ya macho yako, robo zaidi ya ilivyokuwa, wakati mwingine kupita hapo. Ukiona uzi unalia, umezidisha.

Iache siku nzima, mbali na jua kali na mbali na paka. Ukitoa pini ingali na unyevu kidogo tu katikati, itarudi ndani usiku huohuo. Ikikauka kabisa, italegea kidogo ukishaichomoa, na hilo ni sawa. Panga kuikaza zaidi ya unavyotaka iwe. Ihifadhi mahali nondo hawafiki, ikiwa imeviringishwa, kwa sababu mikunjo inayorudiwa palepale hukata uzi. Siku utakapoifua tena matundu yatafumba yote, na pini zitarudi godoroni kuanzia ya kwanza.